Ufa Uliowekewa Daraja: Kisa cha Wavuvi wa Barafu, Ziwa Erie, Februari 7, 2009

Ndege inayokwenda kisiwa cha South Bass wakati wa baridi ni ndogo kiasi kwamba unaulizwa uzito wako kabla ya kupangiwa kiti. Nilikaa nyuma ya rubani, magoti yamebana ndoo ya chambo ya abiria mwenzangu, pembeni yangu dirisha la ukubwa wa sinia. Ilikuwa Februari 2025. Tuliruka kutoka Port Clinton, jimbo la Ohio, na hata kabla hatujamaliza kukata kona tukawa juu ya Ziwa Erie, lakini maji hayakuonekana. Chini palikuwa na uwanda mweupe uliokwenda kaskazini mpaka ukapotelea mawinguni. Juu ya uwanda huo vilisimama vibanda vya turubai, vyekundu, vya buluu, vyeusi, vimejikusanya mafungumafungu kama gulio lililojipanga lenyewe. Kati ya fungu na fungu zilipita nyayo za pikipiki za theluji, na kwa mbali niliona vijitu vyeusi vimeinama, kila kimoja mbele ya tundu lake.

Aliyenialika ni rafiki yangu wa Bukavu, mtu aliyevua sambaza, yaani dagaa wa Ziwa Kivu, ujanani na sasa anaendesha lori Columbus. Aligonga kioo kwa kidole. "Kaka, ona ule mstari."

Mstari ulikuwa mwembamba, mweusi kama wino, umekimbia kilomita nyingi ukifuata umbo la ufuko. Kuna mahali ulikuwa umeziba na kuacha kovu jeupe. Mahali pengine ulikuwa wazi na maji yanaonekana. Vibanda vilikuwa pande zote mbili. Wakati tunapita, mtu mmoja juu ya pikipiki ya magurudumu manne alipunguza mwendo, akauvuka, akaendelea na safari yake. Bila shaka yeye aliona mwanya wa hatua moja tu. Sisi kutoka juu tuliona kwamba upande wa kaskazini wa mstari ule barafu yote haikuwa imeshikwa na nchi kavu.

Upande wetu wa kushoto ulisimama mnara wa kupozea wa kinu cha nyuklia cha Davis-Besse, wenye kimo cha mita 150 hivi, ambao wavuvi wote wa pande zile huutumia kama alama ya njia. Kwenye ufuko ule ule, kati ya Crane Creek na Locust Point, ndiko kilikotokea kisa cha Jumamosi, Februari 7, 2009. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi, na kila aliyenisimulia alikisimulia kama kisa cha watu wazembe. Tangu siku ile ndani ya ndege siamini tena hivyo, na ndiyo maana nimekaa kukichambua.

Siku yenyewe

Mamia ya wavuvi waliingia kwenye barafu asubuhi ile. Ilikuwa Jumamosi, hewa imepata joto baada ya wiki za baridi kali, siku ambayo mtu wa kazi za ofisini au kiwandani ameisubiri tangu Jumatatu. Barafu ya upande wa magharibi wa ziwa ilikuwa nene, mahali pengine inafika futi 2, yaani sentimita 60. Wakielekea mbali zaidi, kwenye maji yenye samaki, wakakuta ufa.

Wakauwekea daraja. Walichukua paleti za mbao, zile zinazobebea mizigo kwenye maghala na bandarini, wakazilaza juu ya ufa, na watu wakavuka na sleji zao, vibanda vyao na pikipiki zao.

Joto la siku likaongezeka. Upepo wa kutoka kusini ukashika kasi mpaka kufikia maili 35 kwa saa, karibu kilomita 56. Ufa ukaanza kupanuka, paleti zikatumbukia majini, na bamba lote la barafu, lenye upana wa kilomita nyingi, likaachana na ufuko likaanza kuelekea ziwani pamoja na waliokuwa juu yake. Walipogundua, kati yao na nchi kavu palikuwa na maji wazi, nao wako kiasi cha mita 900 kutoka ufukoni.

Baadhi walifanya jambo la busara sana: walipanda pikipiki zao wakaenda mashariki karibu kilomita 8 wakifuata ukingo, hadi walipokuta barafu bado imeungana na pwani, wakatoka wenyewe. Wengine walibaki kusubiri. Walinzi wa Pwani wa Marekani walileta helikopta, na wao pamoja na vikosi vya zimamoto vya vijiji vya jirani wakaleta boti bapa zinazosukumwa na feni kubwa nyuma, zinazoweza kupita majini na juu ya barafu bila kusimama. Zaidi ya watu 130 waliokolewa. Pikipiki, vibanda na keekee za mamilioni ya shilingi viliachwa pale pale, vikielea.

Mtu mmoja alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 65. Alikuwa pamoja na wenzake wakitafuta mahali pa kupita ili warudi pwani, akatumbukia majini, na ilionekana moyo ulimshinda. Waliokuwa karibu walimtoa na kumkandamiza kifua wakijaribu kumrudisha. Alisafirishwa kwa helikopta hadi hospitali, hakupona.

Sherifu wa kaunti ya Ottawa ya jimbo la Ohio, akiwa amechoka na mwenye hasira, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kilichofanyika ni upumbavu. Kauli hiyo ndiyo iliyosafiri nchi nzima. Naielewa hasira yake, maana ni watu wake waliohatarisha maisha kwenye barafu inayovunjika. Lakini ukishasema ni upumbavu, huna tena cha kuuliza, na hapa yapo ya kuuliza.

Kwa nini mtu anakwenda kule

Kwa msomaji aliyezoea ziwa la ngalawa na nyavu, inabidi kwanza kueleza kuna nini kule.

Kati ya Maziwa Makuu matano ya Amerika Kaskazini, Erie ndilo lenye kina kifupi kuliko yote. Wastani wa kina chake ni mita 19 tu, na upande wa magharibi wastani haufiki hata mita 8. Maji ya kina kifupi hupoa upesi, kwa hiyo huko ndiko barafu huwahi kushika. Na huko ndiko samaki aitwaye walleye anakokusanyika. Majike wakubwa, matumbo yamejaa mayai, huja majira ya baridi kusubiri masika, ndipo wapande mito ya Maumee na Sandusky au watage juu ya miamba iliyozama karibu na visiwa. Ana jicho kubwa lenye weupe wa maziwa, ambalo nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga, kwa hiyo anaona vizuri katika giza la chini ya barafu. Mvuvi anatoboa tundu la upana wa sahani kwa keekee, anashusha mshipi wenye chubwi inayometameta, amechomeka kidagaa kwenye ndoana, kisha anauchezesha taratibu, anausimamisha, anauchezesha tena. Mshipi ukizidi uzito kidogo tu, kama umeshika jani, ndiye.

Mji wa Port Clinton unajiita makao makuu ya walleye duniani, na usiku wa kuamkia mwaka mpya watu hukusanyika barabarani kushuhudia sanamu ya samaki huyo, urefu futi 20, ikishushwa kutoka juu saa sita kamili. Kisiwani South Bass, ambako wakazi wa kudumu ni mia chache tu, feri husimama barafu ikishika, na uhai wa kisiwa hubebwa na ndege. Kwa miongo mingi ilikuwa Ford Tri-Motor, ndege ya mabati yenye injini tatu ambayo watu waliipachika jina la bata bukini wa bati. Ilibeba barua, vyakula na watoto wa shule mpaka miaka ya 1980. Siku hizi ni ndege ndogo kama ile niliyopanda. Barafu ikikomaa kabisa, wenyeji huweka alama ya njia ya kwenda bara kwa kusimika miti ya Krismasi iliyokwisha kazi, mmoja baada ya mwingine, juu ya ziwa. Nimeiona kutoka juu: mstari wa vitone vya kijani kwenye weupe mtupu. Sijui kama nimewahi kuona barabara iliyotengenezwa kwa upendo zaidi.

Watu hawaendi kule kwa sababu ya samaki peke yake. Wanakaa kwenye vibanda baba na mwana, shangazi na mpwa, wanapakuliana supu kutoka chupa ya chai, wanapiga kelele kuuliza kibanda cha jirani wamepata kina gani. Mgeni akikosa chambo anapewa. Pikipiki ikigoma kuwaka wanakuja watu wanne usiowajua. Undugu huo ni wa kweli, na katika kisa hiki ulikuwa na sehemu yake, nitafika hapo.

Kuna jambo jingine. Barafu ya Erie haitabiriki. Baridi ya mwaka 2023 na ya 2024 ziwa karibu halikushika kabisa. Kisha Februari 2025 barafu ikafunika zaidi ya asilimia 90. Mtu aliyekosa misimu miwili, vifaa vinapigwa vumbi stooni, siku barafu inapofika hawezi kutazama dirishani akasema ataenda wiki ijayo. Wiki ijayo inaweza isiwepo.

Unene haukuwa tatizo

Idara za maliasili za majimbo ya kaskazini hufundisha kwamba inchi 4 za barafu mpya, angavu, zinambeba mtu anayetembea, na inchi 5 hadi 7 zinabeba pikipiki ya theluji. Kila mvuvi anazijua namba hizo kama mtoto anavyojua hesabu ya mara. Anatembea akigonga mbele yake kwa mtaimbo, anatoboa tundu la kupimia, anatia mkono na kupima kwa vidole.

Sasa fikiria mtu huyo amepima akakuta futi 2. Ni mara sita ya anachohitaji. Kwa kila alichofundishwa yuko salama kuliko barabarani. Na kwa swali alilouliza, jibu lilikuwa sahihi: barafu ilimbeba. Iliwabeba wote, na ikaendelea kuwabeba hata ilipokuwa inakwenda nao. Unene unakuambia kama itakubeba. Hauwezi kukuambia imeshikwa na nini.

Barafu ya ziwa hukaa mahali pake kwa sababu imeng'ang'ania ufuko, au imebanwa kati ya visiwa, au imesukumwa na upepo ikajazana upande mmoja. Ikishakatika upande wa pwani, unene wake hauna msaada. Na kubwa zaidi ni kwamba bamba pana lina uso mpana wa kushikwa na upepo. Upepo ukipita juu ya kila kibanda, kila tuta la theluji, kila ukingo uliosimama, unasukuma kidogo kidogo, na kidogo hicho ukikizidisha kwa kilomita za mraba kinatosha kuhamisha kitu chenye uzito wa mji.

Upepo wenyewe ulitoka nchi kavu. Hapa wavuvi wa pwani yetu wataelewa haraka kuliko wengine, maana wanaujua umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka bara na kukupeleka nje bila mawimbi. Ukiwa karibu na ufuko hauonekani kuwa na nguvu, kwa kuwa haujapata nafasi ya kuinua maji. Ndivyo ilivyo kwa barafu. Upepo wa kusini ulikuwa mgongoni kwa watu waliokuwa wakielekea kaskazini, tena ulikuwa wa vuguvugu. Baada ya majuma ya baridi ya kukata masikio, upepo wa namna hiyo mtu anaupokea kama zawadi.

Erie lina tabia moja zaidi. Ni refu na limelala kuelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo upepo mkali wa kusini-magharibi huyafagia maji kuelekea Buffalo, mji wa ncha ya mashariki. Katika dhoruba kubwa tofauti ya kimo cha maji kati ya Buffalo na Toledo, mji wa ncha ya magharibi, hupita mita 2. Maji yakishuka upande wa magharibi, barafu iliyokuwa imelala juu yake inabaki bila mto wa kuegemea. Inapinda pale ilipong'ang'ania pwani, na inakatika hapo hapo. Kwa maneno mengine, mahali penye hatari zaidi ni karibu na nyumbani, kwenye hatua za mwisho za kurudi.

Daraja

Nimerudi mara nyingi kwenye zile paleti. Mimi naona kisa kizima kiko pale.

Ufa ule ulikuwepo mapema. Watu waliuona kwa macho yao, wakaugusa kwa mitaimbo yao. Haukufichwa na theluji wala ukungu. Ulikuwa ni ujumbe ulioandikwa kwa herufi za urefu wa kilomita kadhaa: kuanzia hapa barafu na nchi kavu vimeachana. Lakini kwa mtu aliyesimama mbele yake, mwenye sleji mkononi, ufa ni kitu kinachozuia njia. Akili ya binadamu ikikuta kizuizi inatafuta namna ya kukivuka, na kwa watu hodari wa kazi za mikono, kama walivyo wengi wa wavuvi hawa, namna haikosekani. Mbao zipo. Dakika chache, kazi imekwisha.

Na daraja likishakuwepo linageuka kuwa ushahidi. Aliyefika wa kwanza aliona ufa, akasita, akafikiri, akajenga. Aliyefika wa ishirini aliona daraja. Wa hamsini aliona njia iliyokanyagwa, na mbele yake watu kwa makumi wamekaa kwa utulivu wanavua. Hakuna aliyemdanganya. Kila mmoja aliona mwenzake akakadiria kwamba mwenzake ameshapima. Ule undugu niliousifu, wa kupeana chambo na kuvutana pikipiki, ndio huo huo uliofanya watu waaminiane katika jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyekuwa amelithibitisha. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ni tabia njema ya watu wema.

Daraja lina kosa jingine la kiufundi. Paleti ina urefu wa mita moja na kidogo. Daraja la paleti linafaa kwa ufa usiosogea. Ukipanuka kwa hatua mbili tu, hakuna tena daraja, na kupanuka kwa hatua mbili kwa bamba linalosukumwa na upepo wa kilomita 56 ni suala la dakika. Basi uwezo wa kurudi wa watu zaidi ya mia ulitegemea kipimo ambacho hakuna aliyeachwa nyuma kukiangalia. Laiti mtu mmoja angebaki pale na simu, au hata vijiti viwili vikasimikwa, kimoja kila upande, na kila anayepita akatupa jicho kuona kama vinaachana, ninaamini wengi wangetoka wakitembea.

Maji

Kuhusu aliyefariki, watu walisema kwa wepesi kwamba moyo ulikuwa umechoka. Ni vizuri kujua maji ya namna ile yanafanya nini. Mwili ukizama ghafla kwenye maji yanayokaribia sifuri, katika dakika ya kwanza mtu anavuta pumzi kwa kishindo bila kupenda, moyo unakwenda mbio, mishipa ya ngozi inajifunga na shinikizo la damu linaruka juu. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza maisha katika dakika hiyo kwa kuvuta maji. Ukiipita, una kama dakika 10 za mikono na miguu kukutii. Baadaye vidole havikunji tena. Kupoteza fahamu kwa baridi yenyewe huja baada ya muda mrefu zaidi, saa moja hivi. Ndiyo maana wazoefu hutembea na vijiti viwili vyenye misumari vikining'inia shingoni: ukitumbukia, unachoma barafu kwa misumari na kujivuta kwa tumbo, ukirudi upande ulikotokea, kwa kuwa huo ndio uliokubeba.

Mzee yule hakuwa akivua alipotumbukia. Alikuwa akitafuta njia ya kurudi. Waliosubiri pale pale juu ya barafu nene waliokolewa. Kwa hiyo uamuzi uliokuwa na hatari kubwa kabisa siku ile haukuwa kuvuka asubuhi, bali kuhangaika ukingoni baada ya barafu kuachana, ambako vipande vinapondana na kila hatua ni ya kubahatisha. Waliofanikiwa kutoka kwa kuzunguka mashariki walifuata barafu nzima. Tofauti hiyo ni ndogo kuisimulia na kubwa kuiishi, na sithubutu kumlaumu mtu aliyechagua vibaya wakati pwani inazidi kwenda mbali mbele ya macho yake.

Nani alipe

Baada ya tukio, hoja iliyovuma ilikuwa gharama. Walinzi wa Pwani hawamtozi mtu kwa kumwokoa, na wengi walisema wavuvi walipishwe. Siungi mkono. Mtu anayejua kwamba kupiga simu kutamgharimu maelfu ya dola atasubiri kidogo, atajaribu mwenyewe kwanza, ataufuata ukingo. Tumeona ukingo ulifanya nini. Ninachoweza kukubali ni wajibu mwepesi zaidi: anayevusha watu kwa biashara, awe mwenye vibanda vya kukodisha au mwongozaji, awajibike kuangalia upepo na nyufa, na kuwatoa wateja wake kabla hawajataka kutoka.

Jicho la juu

Februari 6, 2022, karibu na Catawba Island, mashariki ya pale ilipotokea ile ya 2009, helikopta ya Walinzi wa Pwani ilikuwa kwenye doria yake ya kawaida. Hakuna aliyewaita. Kutoka juu wakaona bamba kubwa limekatika, na karibu na mwanya watu wenye pikipiki wanatafuta mahali pa kupita. Helikopta ikashusha muokoaji na kuwavuta juu watu 7. Boti ya feni ya Walinzi ikachukua 4, na msamaria mwenye boti yake ya feni akachukua 7. Watu 18, wote wazima.

Nikiliweka tukio hilo pembeni mwa lile la 2009, naona kwamba maarifa yaliyokosekana yalikuwa ya mahali pa kusimama. Mtu wa kimo cha mita moja na robo tatu, kwenye uwanda mweupe usio na kivuli, haoni ufa uliopo mita mia mbili mbele yake, sembuse kuona kwamba nyufa tatu alizovuka ni ufa mmoja. Rubani anauona kwa mtazamo mmoja. Siku hizi wavuvi makini huanza siku kwa kufungua picha za setilaiti za ziwa, ambazo mamlaka ya hali ya hewa na bahari ya Marekani huzitoa bure, na anga ikiwa safi ufa mkubwa huonekana kama uzi mweusi. Shida ni kwamba picha ni ya jana, na mawingu ya upepo wa kusini ndiyo hayo hayo yanayoifunika.

Erie halina upekee katika hili. Kwenye ziwa la Upper Red huko Minnesota, Novemba 28, 2022, watu wapatao 200 walichukuliwa na barafu iliyoachana na pwani. Desemba 29 ya mwaka uliofuata, kwenye ziwa hilo hilo, 122. Mara ile ya kwanza mamlaka zilituma ujumbe wa dharura kwenye simu zote za eneo lile ili waliokwama waeleze walipo. Ni hatua nzuri. Lakini simu inalia baada ya ufa kufunguka.

Kisiwani

Tulipotua, mwongozaji wetu, mzee mwenye ndevu zilizoganda, alitupakia kwenye sleji. Njiani tukafika kwenye ufa, upana wa kiatu kimoja. Akasimamisha pikipiki. Akachukua vijiti viwili vya mianzi vyenye vitambaa vya rangi ya chungwa, akakisimika kimoja upande huu na kingine upande ule, akaweka buti lake katikati, kisigino na kidole vikagusa vijiti vyote viwili. Hakutueleza kitu. Tukavuka, tukatobolewa matundu mita chache kutoka pale, mahali ambapo vitambaa vinaonekana kutoka mlangoni mwa kibanda.

Rafiki yangu alivua vizuri kuliko mimi. Mikono ya Kivu haijasahau. Kwenye saa nane mchana upepo ukageuka, nikausikia kwenye shavu la upande mwingine, wa vuguvugu kidogo. Mzee akatoka, akaenda kwenye vijiti, akaweka buti. Safari hii lilitoshea na nafasi ya vidole vinne ikabaki.

Samaki walikuwa wanakula. Mshipi wa rafiki yangu ulikuwa umeinama wakati huo huo, na kwenye vibanda vya mbele yetu watu walikuwa wakicheka na kupiga picha. Mzee akawapungia mkono, akawaonyesha vitambaa, kisha akaanza kukunja turubai letu. Wawili walisimama wakaanza kukusanya vyombo vyao. Wengine walimpungia wao pia, wakakaa.

Rafiki yangu alimtoa samaki wake kwenye tundu, akamtia kwenye ndoo, akahesabu. Walikuwa wanne. Sheria ilituruhusu sita kila mmoja. Akafunika ndoo, akanitazama, akasema, "Kaka, twende," tukavuka huku mzee ametutangulia, mtaimbo mkononi.